Foklifti juu ya mawe ya Goma: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Sehemu kubwa ya Goma imekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, mlima wa volkano ambao mtiririko wake wa lava wa mwaka 2002 uliingia hadi katikati ya mji, na juu ya mawe hayo ndiko foklifti, mashine ya kuinulia mizigo kwa uma za chuma za mbele, hupakua saruji, mbao na mabati. Wengi huamini kwamba jiwe la volkano, kwa kuwa ni gumu, ni sakafu tosha. Ukweli ni kwamba tabaka la juu linaweza kuficha uwazi chini yake, na gurudumu moja likizama sentimita chache tu, mzigo ulioinuliwa juu huyumba mbali zaidi kuliko gurudumu lenyewe. Kwa hiyo njia hukaguliwa kwanza kwa miguu, mashimo hujazwa kokoto na kushindiliwa, na mzigo hubebwa chini, mlingoti, yaani nguzo ya mbele inayopandisha uma, ukiwa umeinamishwa nyuma. Matairi makubwa husaidia mashine isikwame; hayaizuii kupinduka.

Dhana nyingine ni kwamba foklifti tupu haina hatari. Mashine hii husimama juu ya pembetatu ya magurudumu mawili ya mbele na katikati ya ekseli ya nyuma. Isipobeba kitu, uzito wake hurudi nyuma, ambako pembetatu hiyo ni nyembamba, na kona kali huweza kuilaza ubavu upesi kuliko ikiwa na mzigo uliobebwa chini.

Kilo zilizoandikwa kwenye kibao cha mashine nazo huhesabiwa kwenye ardhi imara na tambarare, kitovu cha mzigo, yaani katikati ya uzito wake, kikiwa karibu na mlingoti, mara nyingi milimita 500 au 600. Mbao ndefu zikisogeza kitovu hicho mbele, uwezo hupungua. Kuwasimamisha vijana nyuma ili waongeze uzito si suluhisho. Ni kuwaweka mahali pa kufia.

Mteremkoni, mzigo huelekea upande wa juu daima, hata wakati wa kushuka, na kona haikatwi hapo.

Dhana inayoua kuliko zote ni kwamba mashine ikianza kulala, dereva aruke. Anayeruka mara nyingi huangukia upande uleule ambao paa la chuma linaangukia. Dereva aliyeketi abaki kitini akiwa amefunga mkanda, ashike usukani kwa nguvu, akaze miguu na kuegemea upande usioanguka. Mashine ambayo mkanda wake umekatika isiwashwe mpaka mkanda mwingine ufungwe, hata kama lori la saruji linasubiri.