Mchanga haukaushi kiwanja: dhana potofu zinazotuharibia mechi za masika

Wiki mbili zilizopita mwenyekiti wa timu moja ya maveterani hapa Mbeya alinipigia simu akiwa na furaha kubwa. "Mtaalamu, wanachama wamechanga, tumeshusha malori manne ya mchanga. Jumamosi mvua inyeshe isinyeshe, sisi tunacheza." Nilimwomba asimwage hata koleo moja kabla sijafika, lakini nilipofika jioni ya siku hiyo malori mawili yalikuwa yamekwisha kutandazwa mbele ya magoli yote mawili. Jumamosi mvua ilianza saa nane mchana, na kufikia saa kumi mlinda mlango alikuwa amesimama kwenye maji yaliyofika vifundoni, ndani ya mchanga ule ule ulionunuliwa kwa fedha za wanachama. Mechi iliahirishwa kwa mara ya tatu mfululizo.

Kazi yangu ni udongo na nyasi za viwanja, na imani hii ya mchanga nimeisikia Iringa, Makambako, Vwawa na katika kata nyingi za jiji hili, kutoka kwa kamati za michezo, walimu wa michezo na viongozi wa mabonanza. Kila mmoja huieleza kana kwamba ni jambo lisilohitaji kuthibitishwa: tope ni laini, mchanga ni mkavu, basi ukivichanganya utapata kiwanja kikavu. Siwalaumu kwa kufikiri hivyo. Ninachosikitikia ni michango ya watu wa kipato cha kawaida inayozikwa kila msimu mahali pale pale, na vijana wanaorudi nyumbani bila kugusa mpira.

Ukweli ni kwamba mchanga hauondoi maji. Kinachoondoa maji uwanjani ni njia ya kutokea, na njia hiyo ni mwinamo wa ardhi pamoja na mfereji. Chembe ya udongo wa mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002, ilhali chembe kubwa za mchanga hufikia milimita 2, yaani mara elfu moja zaidi. Mchanga unapokuwa mchache katika mchanganyiko, chembe zake huelea ndani ya mfinyanzi kama zabibu ndani ya keki. Hazigusani, na nafasi zote kati yake zimejazwa na mfinyanzi ule ule usiopitisha maji. Wafyatua tofali za kuchoma wanalijua jambo hili vizuri kuliko viongozi wetu wa michezo, kwa sababu wao huongeza mchanga kidogo kwenye udongo wenye mfinyanzi mwingi ili tofali lisipasuke linapokauka. Kamati inayochanganya malori machache ya mchanga na mfinyanzi wa kiwanja inatengeneza tofali, na ifikapo Agosti wachezaji wake huchubuka magoti juu ya tofali hilo.

Ili mchanganyiko uanze kupitisha maji kama mchanga, chembe za mchanga lazima zigusane, na hilo huhitaji mchanga uwe takriban robo tatu ya mchanganyiko wote au zaidi. Tufanye hesabu ya kiwanja cha mita 100 kwa 64, ambacho kina eneo la mita za mraba 6,400. Tabaka la juu la sentimita 10 peke yake lina meta za ujazo 640, na robo tatu yake ni meta za ujazo 480. Kwa lori linalobeba meta za ujazo tano, hizo ni safari 96, kabla hujalipa watu wa kuchimba, kuondoa udongo uliozidi na kuchanganya. Malori manne yakitandazwa sawasawa juu ya kiwanja hicho hutoa tabaka la milimita 3 tu. Nilimwonyesha mwenyekiti hesabu hii kwenye ukurasa wa daftari lake la michango, naye akaniuliza swali ambalo kila mwenyekiti huuliza: "Sasa kama hautoshi kwa kiwanja kizima, si tuuweke mbele ya goli peke yake?"

Hapo ndipo madhara makubwa zaidi yanapofanyika. Mbele ya goli ndipo panapokanyagwa kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo pamechimbika na kuwa kama bakuli, na chini ya bakuli hilo udongo umeshindiliwa hadi maji hayashuki. Ukijaza bakuli hilo mchanga, maji ya mvua huingia kwa haraka kwenye mchanga, hufika kwenye mfinyanzi ulioshindiliwa, kisha hukaa hapo kwa sababu hayana pa kwenda. Juu utaona pamekauka na utafurahi; mlinda mlango akiruka mara moja, kisigino kinazama na maji yanachuruzika kuzunguka kiatu chake. Jumamosi ile niliingiza kidole kwenye mchanga wa goli la upande wa mashariki: sentimita mbili za juu zilikuwa na unyevu wa kawaida, na chini ya hapo kidole kilitoka kinadondosha maji. Shimo lile lilijaa maji lenyewe kabla sijasimama wima.

Yafikirieni pia maji yenyewe. Mvua ya milimita 20, ambayo kwa masika yetu ni mvua ya mchana mmoja tu, humwaga lita 128,000 juu ya kiwanja nilichokitaja. Mfinyanzi ambao haujashindiliwa hupokea milimita 1 hadi 5 za maji kwa saa, na ulioshindiliwa na miguu ya wachezaji hupokea pungufu ya hapo. Hata katika hali njema kabisa, maji hayo yangehitaji kati ya saa nne na saa ishirini kuzama. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maji lazima itoke kwa kutiririka juu ya ardhi, na ardhi iliyo tambarare kabisa, ambayo watu wengi huiona kuwa ndiyo nzuri, haiwezi kuyatiririsha. Kiwanja kizuri huwa na mgongo: katikati pameinuka na pembeni pameshuka, kiasi cha sentimita moja kwa kila mita. Katika kiwanja cha upana wa mita 64, mstari wa katikati kutoka goli hadi goli huwa juu ya mistari ya pembeni kwa sentimita 32. Mchezaji hauhisi mwinamo huo, lakini maji huuona.

Jambo ambalo kamati zetu hazilitazami kabisa ni maji yanayotoka nje ya kiwanja. Mbeya imelala chini ya mlima Loleza, na viwanja vyetu vingi vimechongwa kwenye miteremko, upande mmoja umekatwa na upande mwingine umejazwa kifusi. Maji ya barabarani, ya mapaa ya nyumba na ya mashamba ya juu yote hushukia kiwanjani. Kabla ya kufikiria lori lolote, simameni upande wa juu wa kiwanja wakati mvua inanyesha, mkiwa na miavuli, mtazame maji yanaingilia wapi. Mahali hapo panahitaji makingamaji: mfereji wa kina cha sentimita 40 hadi 50, udongo wake ukitupwa upande wa chini kuwa tuta, ukiwa na mteremko mdogo wa kupeleka maji kwenye korongo au mtaro wa barabara. Uchimbwe nje kabisa ya eneo la kuchezea, mita kadhaa kutoka kwenye mstari, ili mchezaji anayekimbilia mpira asitumbukie. Kazi hiyo ni ya majembe, sururu na watu ishirini kwa Jumamosi mbili. Leveli mnaweza kuichukua kwa ule mrija mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, ambao mafundi ujenzi wanautumia kila siku. Timu ya mwenyekiti wangu ilikuwa na wanachama zaidi ya thelathini na haikuwa na jembe hata moja.

Mtu asiseme kwamba tatizo ni wingi wa mvua ya huku. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, mbali kabisa na kiasi kinachonyesha Mbeya mjini, na bado nimeona kule viwanja vilivyochezeka asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Udongo wa majivu ya volkano wa Rungwe ni mwepesi na hupitisha maji, na viwanja hivyo nilivyovikagua vilikuwa na mwinamo. Kiwanja cha mfinyanzi mwekundu kisicho na mfereji hushindwa hata na mvua ya wastani.

Dhana nyingine nitazieleza kwa ufupi, ingawa nazo zina gharama zake.

Kuna wanaotandaza maranda ya mbao, hasa Mafinga na Mufindi, ambako mashine za kupasua mbao za misitu ya Sao Hill huyatoa kwa wingi na karibu bure. Maranda hunyonya maji na kuyashikilia kama sponji, kwa hiyo mnapata saa moja ya kucheza na wiki mbili za ute unaoteleza. Yanapooza, vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo, na nyasi zilizobaki hugeuka njano. Yafagieni yote baada ya mechi kama mmekwisha kuyaweka, na msiyachanganye na udongo.

Wengine huamini kwamba jua likichomoza kwa saa moja kiwanja kiko tayari. Jua hukausha ngozi ya juu tu. Chukueni udongo kutoka kina cha kidole na muuviringishe kati ya viganja: ukitoka kamba nyembamba kama kalamu bila kukatika, udongo bado una maji mengi na hamruhusiwi kucheza juu yake, kwa sababu kila njumu itakayokanyaga itaukandamiza na kuziba matundu yaliyobaki. Ukimeguka vipande unapoviringishwa, chezeni. Kipimo hiki ni cha udongo wenye mfinyanzi, na hakichukui hata dakika mbili. Mechi moja iliyochezwa kwa ubishi kwenye tope huwagharimu mechi kadhaa zinazofuata, na hili ndilo neno ambalo wachezaji hawataki kulisikia kutoka kwangu.

Nyasi kukwanguliwa hadi ardhini kabla ya mvua "ili kiwanja kikauke haraka" ni kosa jingine. Mizizi ya ukoka ndiyo inayoshika udongo na kuyafungulia maji njia, na ukoka unaokatwa mfupi kupita kiasi hupunguza mizizi yake. Uacheni sentimita tatu hadi nne. Ng'ombe nao si mashine za kufyekea. Kwato zao kwenye udongo uliolowa huacha mashimo na kushindilia kuliko mchezaji yeyote.

Radi ni suala la uhai wa watu. Watu husema kwamba kama mvua haijaanza, radi haina hatari. Radi hupiga hata kilomita kadhaa mbali na mahali mvua inaponyesha, kwa hiyo ngurumo ya kwanza ikisikika wachezaji na watazamaji watoke, waingie kwenye jengo au ndani ya gari lililofungwa, wala si chini ya mti au chini ya turubai la bonanza, na wasirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Halafu kuna ratiba, ambayo huniudhi karibu sawa na mchanga. Viongozi wetu hulalamika kwamba mvua imewashtukiza, ilhali nyanda za juu kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Hatuna vuli na masika zilizotenganishwa na kiangazi kifupi kama watu wa Dar es Salaam au Arusha, na hakuna sababu ya kupanga mabonanza kwa kuiga kalenda yao. Ligi ya mtaa ianze mwishoni mwa Mei na imalizike Oktoba. Mkilazimika kucheza Januari, chezeni saa tatu au saa nne asubuhi, kwa sababu mvua zetu nyingi hujengeka mchana na kushuka alasiri, saa ile ile mliyoizoea kuanzia mechi. Kiwanja chenye mwinamo kinakuwa kimekwisha kutoa maji ya jana yake, na mnakuwa mmeondoka kabla mawingu hayajakusanyika.

Kazi za matengenezo nazo zina wakati wake. Kuchonga mgongo wa kiwanja hufanywa Mei na Juni, udongo ukiwa bado na unyevu wa kutosha kukubali jembe na si mwingi wa kuganda. Ukisubiri Septemba utavunja mipini. Mifereji husafishwa Oktoba. Ukoka hupandwa mvua zinapoanza, ili utambae kabla ya baridi ya Juni na Julai ambayo huudumaza.

Mwenyekiti sasa amekubali kusitisha michango ya mchanga. Mchanga uliomwagwa mbele ya magoli tutautoa wote, bakuli tulijaze udongo ule ule wa kiwanja tukiushindilia tabaka kwa tabaka hadi pawe juu kidogo ya usawa wa pembeni. Yale malori mawili ambayo hayajatandazwa yamefunikwa kwa turubai nyuma ya goli la magharibi, na yatatumika mwezi Juni kwa namna inayofaa: vijana watatoboa eneo la magoli na katikati ya kiwanja kwa nondo za milimita 16 zilizochongwa ncha, kila sentimita 10, kina cha sentimita 15, kisha mchanga mkavu utafagiliwa ndani ya matundu hadi yajae, na utakaobaki juu usizidi milimita chache. Zoezi hilo litarudiwa kila mwaka. Kwa sasa makingamaji ya upande wa juu yamefika mita 60, na Jumamosi hii tunachimba zilizobaki kuanzia saa moja asubuhi.