Kabla ya kununua kamera, hesabu hatua toka getini mpaka mapokezi

Kazi yangu ni kupanga ulinzi wa mahoteli huku pwani, na nikiingia hoteli mpya sianzi na kamera, nahesabu kwanza hatua toka getini mpaka mapokezi. Hiyo tumefunzwa na shambulio la Kikambala, kaskazini mwa Mombasa.

Tarehe 28 Novemba 2002 asubuhi wageni kutoka Israeli ndo wanashuka Paradise Hotel, wachezaji ngoma wanawapokea, mara Pajero ikavunja kizuizi cha getini ikaenda moja kwa moja hadi mbele ya hoteli ikalipuka, makuti ya paa yakashika moto. Ukiwatoa walipuaji wenyewe walikufa watu 13, Waisraeli 3 na Wakenya 10. Kumi! Manake anayesimama mbele kumpokea mgeni ni mtu wetu, mchezaji ngoma, askari, dada wa mapokezi, na mpaka leo inaniuma nikiona mpango wa ulinzi unaotaja wageni tu.

Sasa lile bomba la kuinua na kushusha halizuii gari lililokuja kwa kasi, linamzuia tu mwenye nia njema. Kinachosaidia ni barabara ya kuingilia iwe na kona na matuta ili gari lisipate mwendo, nguzo za zege mbele ya mapokezi, na ukaguzi ufanyike mbali kabisa na jengo. Na ngoma ya kupokea wageni ihamie ndani bustanini, sio pale magari yanaposimama.

Halafu kuna askari mwenyewe. Kuna hoteli moja nilikaa getini saa mbili nzima naangalia, kijana ana kioo cha kuangalia chini ya gari na anakitumia vizuri, ikaja gari kubwa ikapiga honi akainua bomba mbio mbio bila hata kusogea. Nikamuuliza mbona hukukagua, akanambia, "Mzee, huyo ni rafiki ya bosi, nikimsimamisha kesho sina kazi." Hapo kosa si la kijana hata kidogo. Bosi ndo awe wa kwanza kukaguliwa kila asubuhi, tena watu wote wakiona.

Na usisahau ufuoni. Sousse kule Tunisia, Juni 2015, muuaji alipitia mchangani na bunduki kaificha kwenye mwavuli, wakafa watu 38. Huku kwetu wanaojua sura ngeni mchangani ni wale vijana wanaouza vinyago na safari za mashua, nasi tunawafukuza badala ya kuwapa namba ya simu ya kupiga wakiona jambo.

Wiki iliyopita nilimuuliza dada wa usafi akisikia risasi atakimbilia wapi, akanionyesha mapokezi. Tukatembea pamoja mpaka mlango wa nyuma wa jikoni, tukaukuta una kufuli, na mwenye funguo siku hiyo yuko ofu.