Virusi vimetoka ila mashine bado inasuasua? Soma kabla hujapiga Windows upya

Hili swali naletewa sana hapa mjini Mwanza, fundi nimeskani, antivairasi imesema imefuta, mbona kompyuta bado nzito? Na kabla sijajibu, mtu ameshashauriwa na jirani kwamba dawa ni kupiga Windows upya. Mi nasema tulia kwanza. Kufuta virusi ni sehemu ndogo tu, kazi yenyewe ni kurudisha vile vilivyovurugwa, na hapo ndo wengi wanaishia njiani.

Huku kwetu mlango mkubwa bado ni flashi. Mwanafunzi wa Nyegezi anapeleka kazi yake kuprinti stesheneri, kompyuta ya pale imechomekwa flashi za mtaa mzima, akirudi nyumbani anakuta mafaili yote yamegeuka shotikati, anaanza kulia. Hayajafutwa hayo, yamefichwa tu, virusi vinayapa alama ya kufichwa halafu vinaweka shotikati yenye jina lile lile, ukiibonyeza inaamsha skripti yake kwanza ndo inakufungulia folda kwa hiyo we unaona kila kitu kiko sawa kumbe mashine yako nayo imeshapata. Usiibonyeze. Safisha kompyuta kwanza, halafu fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandika amri), kama flashi ni herufi E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* upige enta, mafaili yatatokea, shotikati uzifute. Ukianza na flashi kabla ya kompyuta unafanya kazi bure, ukiichomeka tena inaambukizwa tena.

Mlango wa pili ni kraki. Programu ya kulipia umeipata bure, maelekezo yanasema zima antivairasi kabla ya kuinstoli, na watu wanazima kweli jamani!

Sasa kusafisha. Kata intaneti, kopi dokumenti na picha zako pembeni, basi, faili za exe, yaani za programu, ziache hapo hapo. Halafu ingia Windows Security utafute skani ya Microsoft Defender inayoitwa offline. Naipenda kwa sababu mashine inajizima na kuwaka, inakagua kabla Windows yenyewe haijaamka, kwa hiyo kirusi kinakosa nafasi ya kujificha. Inachukua kama dakika 15, ila kama we ni wa desktop isiyo na UPS na umeme wa mtaani kwenu unacheza, subiri utulie.

Ikimaliza usishangilie. Hapo hapo Windows Security kuna sehemu ya exclusions, yaani orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isiviguse, na hii karibu hakuna anayeikagua. Kraki na virusi vingi vinajiandika humo, unaweza kukuta diski C nzima imewekwa, maana yake mlinzi yupo getini lakini kaambiwa afumbe macho. Ondoa zote ambazo hukuziweka we mwenyewe, skani tena.

Twende brauza. Kama Chrome inafungua kurasa kwa kuvuta au inakurushia matangazo ya kamari, toa eksitensheni usizozijua, zima notifikesheni za tovuti za ajabu, halafu angalia settings za proxy kwenye Windows (njia ya kupitisha intaneti yako kwenye kompyuta nyingine kwanza), ikiwa imewashwa na hukuiwasha we wala ofisi yenu, izime. Kisha Task Manager, tabu ya Startup, punguza vinavyojiwasha vyenyewe. Pitia na Task Scheduler, ile ratiba ya kazi ambazo Windows inaziendesha yenyewe, maana virusi vinapenda kuacha kazi humo ya kujirudisha. Kuna vile vya kuchimba sarafu za mtandaoni vinavyotulia ukifungua Task Manager, ukiifunga feni inaanza kuunguruma. Ukiona hivo bado hujamaliza.

Na antivairasi mbili kwenye mashine moja ni balaa, zote zinagombania kukagua faili lile lile. Bakiza moja.

Kama Windows bado inaganda hovyo, fungua CMD kama admin, andika amri mbili za kutengeneza mafaili ya Windows yaliyoharibika, DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth kwanza, halafu sfc /scannow. Ya kwanza inaweza kushusha mafaili mtandaoni kwa hiyo angalia bando lako.

Umefanya yote na bado? Basi virusi vimesingiziwa. Fungua Task Manager, ukiona disk iko 100% wakati hujafungua kitu, mara nyingi ni ile diski ya zamani inayozunguka imechoka. Kompyuta nyingi za mtumba tunazonunua hapa zinakuja nayo, pamoja na RAM ya GB 4 tu. CrystalDiskInfo ni programu ya bure ya kupima afya ya diski, ikikuonyesha rangi ya njano au nyekundu kopi vitu vyako leo leo. Weka SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, hata ya GB 240 inatosha, utadhani umenunua mashine nyingine. Ifungue pia upulize vumbi, na kama unakaa Kirumba au popote karibu na ziwa utakuta wale wadudu wadogo wanaofuata taa usiku wamejazana kwenye feni. Joto likizidi prosesa inajipunguza spidi yenyewe, hamna antivairasi ya hiyo.

Paswedi za imeili na benki zibadilishe kwa simu, usizibadilishie kwenye mashine ambayo bado una mashaka nayo.

Kupiga upya nakubali pale mafaili yamefungwa unadaiwa hela, au kirusi kinarudi kila ukiwasha. Pia kama bado uko Windows 10, Microsoft waliacha kuihudumia kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama mashine inabeba 11 tumia nafasi hiyo kuhamia. Ila ishushe kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe, ile ya kwenye flashi ya fundi wa kona mara nyingi imeshapachikwa kraki humo humo ndani.