Kasa mwenye chunjua, na uchafu usiopigwa picha

Simu za wavuvi huja alfajiri, nyavu zinapopandishwa. "Daktari, kuna kasa kanasa huku, ana chunjua shingo nzima." Aghalabu ni kasa wa kawaida, yule mla majani, ambaye bado hajakomaa. Shingoni na kwapani mwa mapezi yake ya mbele yameota manyama, mengine kama punje ya mbaazi, mengine kama ngumi, yamekunjamana mfano wa koliflawa. Watu wakishamzunguka husikia maswali mawili. La kwanza huulizwa kwa sauti: ni plastiki hiyo, sivyo? La pili hunong'onwa na mzee mmoja pembeni: yakikatwa hayo, nyama yake inalika?

Nianze na la kwanza. Sivyo. Plastiki tunaikuta tumboni. Huziba utumbo, gesi hujaa, kasa akabaki kuelea kama dafu asiweze kuzama kula. Hayo ni maradhi mengine. Manyama haya huitwa fibropapilomatosisi, na yameandikwa na wataalamu tangu 1938, kutokana na kasa wa Key West, Florida, aliyekuwa akifugwa New York. Kinachohusishwa nayo ni kirusi cha jamii ya hepesi.

Jamii hiyo mnaijua. Mtoto hupata tetekuwanga, akapona, kumbe kirusi hakijatoka, kimejificha. Miaka arobaini baadaye mwili ukichoka, kinazuka upya kama mkanda wa jeshi. Kwa kasa nako kirusi kimepatikana hata kwa walio wazima kabisa, wasio na kivimbe hata kimoja. Kwa hiyo kwangu mimi swali la maana ni nini kinachokiamsha, na hapo ndipo ninapoanza kuyatilia shaka maji.

Kasa wachanga huishi miaka yao ya mwanzo kwenye bahari kuu, na huko hawaonekani na chunjua. Huota baada ya kuhamia ufukweni kula majani. Hawaii ndiko jambo hili lilikochunguzwa sana: kati ya kasa waliokutwa wamekwama au wamekufa huko kuanzia 1982 hadi 2003, asilimia 28 chanzo kilitajwa kuwa ugonjwa huu. Lakini haukuenea sawasawa. Ghuba ya Kaneohe, iliyopokea maji taka kwa miaka mingi, ilijaa wagonjwa, huku pwani ya Kona ikiwa karibu haina.

Visiwa hivyo vina makumi ya maelfu ya mashimo ya choo yasiyosakafiwa, na sheria ya 2017 imetaka yaondolewe ifikapo 2050. Naitrojeni, kirutubisho kilichomo katika uchafu huo, hupenya ardhini, ikafika baharini, ikaulisha mwani. Upo mwani mwekundu ulioletwa Oahu, kisiwa kimojawapo, 1974 kwa majaribio ya kilimo, kama huu wanaolima akina mama wa Paje, Zanzibar, ukatoroka na kutanda. Kasa wanaula kwa wingi. Mwaka 2014 mtafiti Kyle Van Houtan na wenzake walionyesha kwamba mwani ulioshiba naitrojeni huihifadhi kama ajinini, kiungo cha protini ambacho virusi vya hepesi hukihitaji ili kuzaliana. Wapo wataalamu waliopinga, wakisema ushahidi hautoshi, na wana hoja: kukuta viwili mahali pamoja si kuthibitisha kuwa kimoja kimezaa kingine. Zaidi ya hayo, huko Hawaii ugonjwa ulipungua tangu miaka ya 1990. Mimi naegemea upande wa maji, ila nisingeapa.

Kasa wenye chunjua wameonekana pia kwetu Watamu. Na maji yetu? Mto Athi unapokea uchafu wa Nairobi, unageuka Galana, kisha Sabaki, na kumwagika baharini kaskazini ya Malindi. Ongeza mashimo ya choo ya nyumba na hoteli zilizojengwa juu ya mawe ya matumbawe, yanayopitisha maji kama chujio. Hakuna anayepiga picha ya naitrojeni.

Vivimbe vya nje hukatwa, penye vifaa kwa leza ili damu isivuje sana. Jicho lililofunikwa likifunuliwa, kasa huanza kula upya. Vikiwa mapafuni au kwenye figo, hatuna la kufanya. Na hata vilivyokatwa vikaisha, huweza kuota tena. Tafadhali, mvuvi usivikate kwa kisu. Mweke kivulini, mfunike kitambaa chenye maji, upige simu.

Sasa swali la mzee. Hakuna ushahidi kwamba chunjua hizi huambukiza watu. Lakini hailiki, awe na chunjua au asiwe nazo, na sisemi hivyo kwa sababu ya sheria tu. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walikufa kwa kula nyama ya kasa. Sumu iliyomo katika nyama ile haiondoki kwa kupikwa, na kasa mwenye nayo huonekana mzima, kanenepa, ngozi laini.