Mawimbi kwenye pindo la kwilti si kosa la cherehani

Pindo, yaani utepe wa kitambaa unaoshonwa kuzunguka kwilti (blanketi la vipande vya kitambaa vilivyounganishwa), likifanya mawimbi, wengi hulaumu cherehani. Mara nyingi tatizo lilianzia mezani, kwenye mkasi. Nyuzi za urefu, zinazokwenda sambamba na kingo za kitambaa zilizofumwa kiwandani, hukazwa sana wakati wa kufuma, kwa hiyo hazivutiki kirahisi. Za upana huvutika zaidi. Shika kipande cha kitambaa cha pamba ukivute pande zote mbili, utaona mwenyewe. Ndiyo maana napendelea sana kukata pindo kwa urefu wa kitambaa, ingawa hula kitambaa kingi. Hata hivyo, pindo lililokatwa kwa upana nalo hutulia vizuri: pima kwilti katikati, kata kwa kipimo hicho, bana kwa pini, ndipo ushone. Kushona utepe mrefu bila kupima, kisha kukata unaobaki, ndiko hasa kunakoleta mawimbi.