Je, wajua? Benki ikimkopesha Juma, akiba ya Asha haiguswi

Ukiuliza benki hupata wapi pesa za kukopesha, wengi watakujibu kwamba hukopesha akiba za wateja: Asha ameweka, Juma anapewa, benki ni dalali tu. Jibu hili limeshika mizizi kwa sababu ndivyo tunavyokopeshana sisi wenyewe. Asiye na elfu kumi mfukoni hawezi kumkopesha mtu elfu kumi.

Kwa benki sivyo. Siku Juma anapokopeshwa, salio la Asha halipungui hata senti moja, na Juma naye sasa ana salio. La Juma limetoka wapi? Limeandikwa. Benki imeandika upande mmoja kwamba Juma anadaiwa, na upande wa pili kwamba ana pesa kwenye akaunti. Mkopo ndio uliozaa amana, yaani pesa iliyo kwenye akaunti.

Wachumi wachache walikuwa wameshaliandika jambo hili, ila Januari 1924 lilitoka kinywani mwa mtu wa aina nyingine. Reginald McKenna, mwenyekiti wa Midland Bank ya London, mojawapo ya benki kubwa kuliko zote duniani wakati huo, aliwaeleza wanahisa wake kwamba kila mkopo huzaa amana na kila mkopo unaolipwa huifuta. Hakuanzia kwenye benki. Alikuwa mwanasheria, kisha mbunge wa chama cha Liberal, Waziri wa Jeshi la Majini, Waziri wa Mambo ya Ndani, na Waziri wa Fedha mwaka 1915 hadi 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto. Alipoteza ubunge mwaka 1918. Mwaka uliofuata akawa mwenyekiti wa benki hiyo.

Chukua duka linaloaminika mtaani. Mwenye duka anamkopesha fundi kikaratasi: "Mwenye hiki apewe kilo tano za sukari." Fundi hachukui sukari, anamlipa kibarua wake kwa kikaratasi kilekile, na kibarua anamlipa mama ntilie. Sukari haijatoka ghalani, ila mtaa umepata pesa ambayo jana haikuwepo. Fundi akilipa deni lake kwa vikaratasi, vinachanwa. Wakija watu wengi kudai sukari kwa pamoja, au vikaratasi vikirudishwa na duka jirani linalotaka kulipwa, ghala tupu litamwaibisha mwenye duka.

Kwa hiyo benki, ambayo sukari yake ni fedha taslimu, haiumbi pesa bila kikomo. McKenna mwenyewe alisisitiza kwamba benki za biashara hufuata kiasi cha fedha taslimu zilizo nazo, na mwenye kukibana au kukilegeza ni Benki Kuu ya Uingereza.

Hapo ndipo uzito wa hoja yake ulipokuwa. Kama pesa huongezeka na kupungua kwa uamuzi wa watu, basi ukata nao una wenye kuamua. Mwaka 1925 Uingereza iliirudisha pauni kwenye dhahabu, yaani pauni ikawa tena na thamani maalum ya dhahabu, ileile ya kabla ya vita, na ili kuilinda Benki Kuu ikaufanya mkopo kuwa ghali, huku zaidi ya watu milioni moja wakiwa hawana kazi. McKenna aliilaumu sera hiyo ya kubana mikopo miaka yote iliyofuata. Kisha akaketi pamoja na mchumi John Maynard Keynes katika Kamati ya Macmillan, iliyoundwa na serikali kuchunguza mambo ya fedha na viwanda, ambayo ripoti yake ya 1931 ilikiri kwamba sehemu kubwa ya amana huzalishwa na benki zenyewe. Septemba mwaka huohuo, pauni ikaachana na dhahabu.