Mbuzi mmoja, kilo ngapi za mahindi?

Kwa miaka mingi, kila mwisho wa mwezi, kuna tarakimu moja niliyoitafuta kabla ya nyingine zote. Haikuwa ya mvua, wala ya watoto waliodhoofika. Nilitaka kujua mbuzi mmoja wa wastani akiuzwa sokoni Turkana anamletea mwenyewe kilo ngapi za mahindi. Tarakimu hiyo ikianza kushuka, najua kuna nyumba ambazo tayari zimepunguza mlo, hata kama magazeti hayajaandika neno.

Kazi yangu ni taarifa za ukame kaskazini mwa Kenya. Tunazikusanya, tunazichambua, halafu tunawasukuma wenye fedha wachukue hatua mapema. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, naulizwa swali lile lile kila niendako: misaada hii ilikuwa inasaidia kweli, au iliishia kwenye magari makubwa na semina za hotelini? Magari nimeyaona na semina nimekaa. Lakini anayetaka kujua misaada inamgusaje mtu, namwomba aache kuangalia shehena kubwa aangalie pesa ndogo, zile zinazofika mapema na zisizokatika. Huko ndiko nilikoona tofauti.

Chukua huyo mbuzi. Bei yake haijiandiki. Kuna kijana wa hapo hapo kijijini, mara nyingi aliyemaliza kidato cha nne, ambaye kila mwezi hurudi kwenye kaya zile zile na kuuliza maswali yale yale. Maji mnayafuata umbali gani? Mifugo inakunywa baada ya siku ngapi? Maziwa mnakamua kiasi gani? Mmeuza nini, mmenunua nini? Mwisho anamzungushia mtoto utepe wa kupimia utapiamlo kwenye mkono wa juu. Mkono ukiwa chini ya sentimita 12.5 utepe unaingia njano, ukiwa chini ya 11.5 ni nyekundu.

Siku moja niliandamana na kijana wetu mmoja hadi manyatta iliyo mbali na barabara. Mama wa nyumba alitukaribisha chini ya mgunga, akampakata mtoto, akaushika mkono wake mwenyewe ili asiurushe. Utepe ulipokaza, mama aliuliza kwa Kiturkana kabla sijausoma, “Mwezi uliopita ulikuwa kijani. Leo?” Kijana akamjibu, “Njano, mama.” Hakulia wala hakulalamika. Alimgeukia binti yake mkubwa akamwambia akaangalie ni mbuzi wangapi wana nguvu ya kutembea hadi sokoni. Hesabu yake ilikuwa sahihi: wiki tatu baadaye mbuzi wale wale wangeuzwa kwa nusu ya bei, au wangefia njiani. Utepe ule umekuja kwa msaada, na bei yake ni ndogo mno. Kilichokuwa na gharama ni kumfikisha kijana pale kila mwezi: petroli ya pikipiki, salio la simu, na malipo yake madogo.

Petroli hiyo imelipwa na wengi. Kuanzia 1996 hadi 2010 kulikuwa na mradi wa maeneo kame uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ndio ulioeneza utaratibu huu wilaya baada ya wilaya. Mwaka 2011 serikali ya Kenya iliunda Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, ikaurithi utaratibu ule, na Umoja wa Ulaya ukasaidia kwa fedha. Taarifa ya kila kaunti hutoka kila mwezi, ikieleza kama tuko katika hali ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Juu yake kulikuwa na jicho la pili, FEWS NET, mtandao wa tahadhari ya njaa ambao Marekani iliuanzisha 1985 baada ya njaa ya Ethiopia. Mwisho wa Januari 2025 mtandao huo uliamriwa usimame, na ukanyamaza kwa miezi. Hapakuwa na picha ya kupigwa siku ile. Lori la chakula lisipofika watu wanaona, taarifa isipoandikwa hakuna anayejua kwamba haikuandikwa.

Hata hivyo kujua peke yake hakutoshi, na hilo tulijifunza kwa gharama ya kutisha. Onyo kuhusu Somalia lilianza kutolewa katika nusu ya pili ya 2010. Njaa ilitangazwa rasmi tarehe 20 Julai 2011, na ni baada ya tangazo hilo, picha zikiwa kwenye kila televisheni, ndipo fedha nyingi zilipomiminika. Makadirio ya baadaye yalionyesha kwamba takriban watu 258,000 walikufa, nusu yao watoto chini ya miaka mitano. Wengi walikuwa wamekwisha kufa kabla ya tangazo. Kila ninapoona taarifa yangu imekaa mezani kwa mtu wiki sita ikisubiri sahihi, naukumbuka mwaka ule.

Kilichofuata hapa Kenya ni jaribio la kuondoa sahihi hiyo. Mpango wa HSNP, uliokuwa umeanza kabla ya hapo kwa fedha za Uingereza, uliwapa kaya maskini wa Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera pesa taslimu badala ya magunia. Baadaye kiwango kilikuwa shilingi 2,700 kwa mwezi, zikilipwa mara moja kila miezi miwili. Cha maana zaidi ni kwamba katika awamu ya pili waliandikishwa karibu watu wote wa kaunti hizo, si wale tu wanaolipwa kila mara, na kaya zaidi ya laki tatu zikafunguliwa akaunti. Mwaka 2015 ikaanza kazi mpya: satelaiti inapima hali ya uoto na kuulinganisha na miaka iliyopita, na kielelezo kikishuka chini ya 20 katika eneo fulani, kaya za ziada zinaingiziwa pesa. Hakuna anayengoja mkutano wa wafadhili. Utafiti uliogharamiwa na Marekani na kutolewa 2018 ulikadiria kwamba dola moja ikitumika mapema katika nchi zetu hizi huokoa takriban dola tatu za msaada wa baadaye na hasara.

Nenda kwenye duka lolote la kijijini ukaombe kuona daftari la madeni, utaelewa kilichotokea. Mwenye duka alikuwa anamkopesha mama mwenye kadi ya malipo haya kwa sababu alijua pesa zinakuja. Unga, sukari na majani ya chai vilitoka dukani leo, kadi ikatelezeshwa mwezi ujao, na kadi nyingine ziliachwa pale pale kwa mwenye duka kama dhamana. Wapo waliolikemea jambo hilo, na kweli kulikuwa na wenye maduka waliowanyonya kina mama. Lakini mimi nililiona pia kwa upande wa pili. Kwa sababu ya wale wenye kadi, mwenye duka aliweza kuleta mzigo kutoka Lodwar, na asiye na kadi naye akapata pa kununua. Malipo yakichelewa miezi miwili, mitatu, deni linajaa daftarini, mwenye duka anashindwa kuleta mzigo, na kijiji kizima kinakosa unga, wenye kadi na wasio nazo. Ndiyo maana nasema afadhali pesa kidogo inayokuja kwa tarehe inayojulikana. Aliyekaa ofisini huona kuchelewa kama jambo la karatasi tu.

Tena satelaiti ina kasoro yake, na kasoro hiyo yenyewe ni mtoto wa msaada. Mathenge, mti ambao Waturkana wanauita etirae, uliletwa kwenye maeneo kame ya Kenya miaka ya 1970 na 1980 kupitia miradi ya kupambana na jangwa. Nia ilikuwa njema, kupata kivuli na kuni. Leo umefunika kingo za mito na malisho, miiba yake inatoboa kwato, na maganda yake yenye sukari yanaozesha meno ya mbuzi. Huko Baringo wananchi walikwenda mahakamani kwa ajili ya mti huu, wakamleta na mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Mti huo hubaki kijani hata ukame unapokaza. Kwa hiyo satelaiti inatazama kutoka juu inaona uoto, huku chini mbuzi hawana cha kula. Bila yule kijana wa pikipiki wa kusema “kijani hicho ni mathenge”, mashine inaamini kwamba mambo ni shwari na kaya za ziada hazilipwi. Wanaotaka kuwaondoa wakusanyaji wa vijijini kwa sababu satelaiti ni nafuu, nawaomba walifikirie hili kwa makini.

Sasa usalama. Kwetu ukame na usalama ni jambo moja. Malisho yakiisha Turkana, mifugo inavuka kwenda Karamoja nchini Uganda, au inapanda kaskazini kuelekea Ethiopia na Sudan Kusini, na vijana wanaoichunga wana bunduki. Wakiingia bila makubaliano, damu inamwagika. Ndiyo sababu IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, mwaka 2002 ilianzisha CEWARN, kitengo cha kutoa tahadhari ya migogoro, na ukanda wa Karamoja ukawa miongoni mwa maeneo yake ya kwanza. Misaada ya kutoka nje ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Tukiitazama kwa karibu, ilibeba nini? Dizeli ya lori linalowapeleka wazee mpakani, ng'ombe dume wa kuchinja, na simu ya kumpigia mzee wa upande wa pili mapema, kabla ng'ombe waliopotea hawajaitwa walioibwa.

Amani yenyewe haikuletwa na mfadhili. Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walifanya mapatano yao huko Lokiriama mwaka 1973, na kila Septemba wanakutana kuyakumbuka. Misaada iliyofaa ilikuja ikayakuta mapatano hayo na kuyapa nauli. Isiyofaa ilikuja na kamati mpya, fulana mpya na mwenyekiti mpya, ikaondoka navyo. Septemba 2019 marais wa Kenya na Uganda walishuhudia huko Moroto kutiwa sahihi kwa makubaliano ya amani na maendeleo ya mpakani, na Umoja wa Mataifa ulisaidia kuyaandaa. Mei 2023, baada ya uvamizi na mauaji, Rais Museveni aliwapa wafugaji wa Turkana walioko Uganda miezi sita ya kusalimisha bunduki au kuondoka na mifugo yao. Kati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana, na nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Mapatano yanahitaji watu waendelee kukutana, hasa mwaka mbaya, na mwaka mbaya ndio bajeti ya mikutano hukatwa ili kununua chakula.

Nimalizie na Kakuma, kwa sababu ndiko ninakopata barua nyingi. Kambi ya wakimbizi ya huko ilianza 1992, na pamoja na makazi jirani ya Kalobeyei ina wakimbizi karibu laki tatu. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa sana kwa kukosa fedha, na watu wakaandamana. Waliohesabiwa kama walioathirika ni wakimbizi, na ni haki. Lakini soko la Kakuma ndilo linalonunua mbuzi wa Waturkana wa eneo zima, pamoja na kuni na makaa yao. Mkimbizi akikosa cha kutumia, mbuzi wa mwenyeji hapati mnunuzi. Mtu ambaye hajawahi kupokea hata kikombe cha msaada anarudi nyumbani jioni na mbuzi wake yule yule, na unga hakuna. Hasara yake haimo katika ripoti yoyote ya wakimbizi. Imo katika ile tarakimu yangu ya mwisho wa mwezi, kama kuna mtu wa kuiandika.

Katika vituo nilivyokuwa navisimamia, mikataba ya vijana kadhaa haikuongezwa. Mmoja wao, dada anayeishi karibu na soko la mifugo, bado hunitumia ujumbe kila siku ya soko: bei ya mbuzi, bei ya kilo ya mahindi, basi. Salio ni lake. Namrudishia kila ninapoweza, na tarakimu naziingiza kwenye jedwali lile lile la zamani, lenye mistari ya vituo vyote. Kwa sasa mstari unaojazwa ni wake.